Unataka kufungua bucha la nyamapori? Anza na makaratasi

Wengi wanakimbilia kununua friji na mizani, wakati kibali hata hawajaomba. Hapa Tanzania kanuni za kuuza nyamapori zipo tangu 2020 na leseni unaombea TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori), kwa hiyo nenda ofisi yao iliyo karibu uulize fomu na ada za sasa hivi, usitegemee bei za kuambiwa na mtu mtaani. TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA na jina la biashara BRELA, wanaosajili biashara, vishughulikie mapema.

Sasa kubwa ni hili, nyama inatoka wapi? Lazima itoke kwenye chanzo halali, mfano uwindaji wenye kibali au shamba la wanyamapori lililosajiliwa, na karatasi zake ukae nazo bucha hapohapo. Jamaa akikuletea swala usiku kwenye buti ya gari, bei chee, hana kibali, mkatalie kabisa, maana ukikamatwa hiyo ni kesi ya nyara za serikali, yaani kukutwa na mnyamapori au nyama yake bila kibali, na jela ipo. Tena mnyama wa kunaswa kwa nyaya anakufa kwa mateso, hata majike wenye mimba wananasa, tunamaliza wanyama wetu wenyewe.