Kutafuta ukoo ukiwa ughaibuni: anza na tangazo, si sensa

Anayetafuta ukoo akiwa mbali na nyumbani mara nyingi huanzia kwenye sensa, kwa sababu ndivyo majirani zake wa huko ughaibuni wanavyofanya. Uingereza hufungua fomu za sensa zenye majina baada ya miaka 100, Marekani baada ya miaka 72. Kwetu mambo ni tofauti. Sensa ya 1948 ndiyo ya kwanza kuwahesabu Waafrika kwa mpango mmoja Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na kilichochapishwa ni majedwali: watu wangapi, kabila gani, wilaya ipi. Jina la babu halimo. Atakayekuahidi kulitoa humo kwa malipo, mwepuke.

Majedwali hayo yana kazi moja tu: kukuonyesha eneo liliitwaje na lilikuwa chini ya serikali ipi. Murang'a utaikuta kama Fort Hall, Nyahururu kama Thomson's Falls. Katika nyaraka za Wajerumani, Lushoto ni Wilhelmstal, Tukuyu ni Neu Langenburg, Mwanza ni Muansa na Wachaga ni Dschagga, kwa hiyo babu Juma naye huenda ameandikwa Dschuma. Kisumu na Naivasha zilihesabika kuwa sehemu ya Uganda hadi 1902. Ukitafuta habari za Kisumu ya mwaka 1900 katika majalada ya Kenya, utarudi mikono mitupu ukidhani hakukuandikwa kitu.

Majina yanapatikana kwenye matangazo. Kwa Kenya, hazina kubwa ni gazeti rasmi la serikali, Kenya Gazette, lililoanza Novemba 1899. Matoleo mengi yamepigwa skani na yanasomeka bure Google Books. Wengi hufungua toleo la mwaka aliokufa mzee, hawamwoni, wanakata tamaa. Matangazo ya mirathi ya enzi za ukoloni ni ya Wazungu na Wahindi kwa sehemu kubwa, kwa kuwa mali za Waafrika zilirithiwa kimila. Mambo yalibadilika Sheria ya Urithi ilipoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Tangu hapo, familia iliyotaka kugawa shamba ambalo bado lina jina la marehemu ililazimika kwenda mahakamani, hata kama alizikwa zamani. Mtu aliyefariki 1963 anaweza kutangazwa 1994. Basi tafuta kuanzia 1981 kuja mbele, usiishie mwaka wa kifo.

Tangazo lenyewe ni la mistari michache: mahakama, namba ya kesi na mwaka, jina la marehemu, mahali alipoishi, tarehe ya kifo, jina la mwombaji na uhusiano wake na marehemu, kisha siku 30 za kupinga. Nakili kwanza namba ya kesi na jina la mahakama, maana ndizo zinazofungua faili. Ndugu aliye nyumbani, au wakili, aziwasilishe kwenye masijala ya mahakama hiyo na kuomba kukagua faili. Angalia vizuri ni mahakama ipi: familia ya Murang'a inaweza kuwa ilifungua kesi Nairobi. Ndani ya faili tafuta cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja walioachwa na marehemu, na hati ya kiapo iitwayo P&A 5, yenye orodha ya wajane, watoto na mali. Mabinti walioolewa wameachwa nje ya orodha nyingi, kwa hiyo shangazi kutokuwamo hakuthibitishi kwamba hakuwa mtoto wa mzee huyo. Faili likiwa nene, furahi. Ugomvi wa mirathi ni balaa kwa familia lakini ni neema kwa mtafiti: kila upande hueleza kwa kiapo nani alizaliwa na nani, katika nyumba ya mke wa ngapi.

Orodha ya mali itakupa namba ya shamba. Kwa namba hiyo, ofisi ya ardhi ina kadi ya kijani (si ile ya Marekani) inayoonyesha mmiliki wa kwanza aliyesajiliwa na kila aliyepokea baada yake. Katika Kenya ya kati usajili huo ulishika kasi mwishoni mwa miaka ya 1950.

Utafutaji kwa kompyuta una mitego yake. Mashine husoma vibaya chapa iliyofifia, hivyo jaribu pia jina la kijiji, sanduku la posta au namba ya shamba badala ya jina la mtu peke yake. Alama s/o ni "mwana wa", d/o ni "binti wa", w/o ni "mke wa". Tafuta jina la baba pamoja na alama hiyo.

Tanzia za magazetini husomwa kwa namna nyingine. Tangazo moja la Daily Nation au Taifa Leo laweza kutaja wazazi, ndugu, wake, watoto, wakwe na wajukuu, pamoja na miji wanakoishi. Soma matoleo ya wiki mbili baada ya kifo, kisha tarehe ileile mwaka mmoja, mitano na kumi baadaye, kwa ajili ya matangazo ya kumbukumbu. Usijenge mti wa ukoo kwa tanzia pekee: anayeitwa kaka anaweza kuwa mtoto wa baba mdogo, na mama anaweza kuwa mama mkubwa.

Huhitaji kupanda ndege ili kuyasoma. British Library, Library of Congress na Center for Research Libraries ya Chicago zina magazeti ya Afrika Mashariki, mengi yakiwa kwenye maikrofilamu, na maktaba ya chuo kilicho mwanachama wa hiyo ya Chicago inaweza kukuazimia. Kwa Tanganyika omba Mambo Leo, lililoanza 1923; barua na mashairi ya wasomaji wake hubeba majina ya waandishi.

Tahadhari kubwa ni majina yanayojirudia. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, hivyo Kamau wa Njoroge humzaa Njoroge wa Kamau, naye humzaa Kamau wa Njoroge mwingine. Bila tarehe na namba ya shamba utawaunganisha babu na mjukuu wawe mtu mmoja. Miaka ya kuzaliwa iliyoandikwa baadaye mara nyingi ni makadirio tu; muulize mzee wa nyumbani alizaliwa kabla au baada ya Maji Maji ya 1905, homa ya 1918 au nzige wa 1931, na jibu hilo liandike kando ya mwaka ulio kwenye cheti, usilifute hata vikipingana.