Pima sensa mpya kwa mkono kabla hujawasha mota

Vijana wa klabu wakipata kifaa kipya wanataka wakifunge tu, roboti ikimbie. Nawaelewa. Ila hapa Mtwara kila timu ninayoilea naiomba kwanza iipime sensa kwa mkono, mota zikiwa zimezimwa. Ninayoizungumzia ni OTOS, sensa ya kufuatilia mwendo wa roboti kutoka kampuni ya SparkFun, iliyotoka mwaka 2024. Inatazama sakafu, inachanganya inachokiona na vipimo vya jairoskopu (kifaa cha kupima mzunguko) iliyomo ndani yake, kisha inaiambia programu roboti iko wapi na imeelekea wapi. Haitegemei gurudumu, kwa hiyo matairi yakiteleza, yenyewe bado inaona ukweli.

1. Rula kwanza. Lenzi inatakiwa iwe milimita 10 hadi 27 juu ya sakafu. Pima roboti ikiwa na betri na mkono wake, maana uzito unaishusha. Sisi tulihangaika na programu siku nzima, namba zinarukaruka tu, mpaka binti mmoja wa kidato cha tatu akalala kifudifudi na rula yake: milimita 31! Wiki iliyotangulia tulibadilisha magurudumu, na hakuna aliyekumbuka kuishusha sensa. Nilimpigia makofi.

2. Sakafu. Pimia juu ya kile mtakachoshindania. FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti ya wanafunzi, huchezwa juu ya mikeka ya sponji, uwanja wa kama mita 3.66 kila upande. Vipimo vya kwenye sementi au vigae vinavyong'aa usivihamishie huko. Viatu vibaki mlangoni, hasa vijana wakitokea ufukweni Shangani, kwani mchanga wetu mwembamba hupanda hadi kwenye lenzi. Ifute kwa kitambaa laini kikavu.

3. Tulia. Ukiwasha, iache sensa ijirekebishe, haichukui hata sekunde moja. Roboti isiguswe kabisa.

4. Mizunguko kumi. Bandika selotepu sakafuni, ulinganishe ubavu wa roboti nayo, kisha rudisha namba zote sifuri. Izungushe kwa mkono mara kumi kamili, polepole, irudi palepale kwenye selotepu. Mwelekeo usomeke karibu na sifuri. Tuseme umesoma nyuzi 15 pungufu: sensa imehesabu 3585 badala ya 3600. Gawa 3600 kwa 3585, unapata 1.004, na hicho ndicho kizidishio cha mzunguko, yaani namba unayoiingiza kwenye programu ili izidishe kipimo cha sensa kiwe sahihi. Kwa nini kumi? Kosa la jicho lako pale kwenye selotepu linagawanyika kwa kumi. Usifanye mara moja tu ukaridhika. Rudia mara tatu uchukue wastani.

5. Mstari ulionyooka. Hii ifuate ya mizunguko, isiitangulie, kwa sababu mwelekeo ukiwa na kosa hata umbali unapinda. Pima sentimita 300 kwa utepe wa kupimia, sukuma roboti, soma. Ikisema 291, gawa 300 kwa 291: 1.031. Sensa inakubali vizidishio vya 0.872 hadi 1.127, ukipata nje ya hapo usilazimishe, rudi kwenye rula.

6. Mahali ilipofungwa. Sensa ikiwa pembeni na programu haijaambiwa, roboti ikijizungusha papo hapo itasomeka kama inachora duara. Ingiza umbali kutoka katikati ya roboti hadi kwenye sensa, izungushe tena, uone X na Y (namba za mahali roboti ilipo) zinabaki karibu na sifuri.

7. Sasa washa mota. Iendeshe mraba wa mita mbili kwa mbili irudi kwenye selotepu, mara tano, kwanza taratibu kisha kwa kasi mtakayoitumia. Mwisho wa kasi ambayo sensa inaweza kuifuatilia ni mita 2.5 kwa sekunde. Kila mara weka alama iliposimama. Alama zikirundikana pamoja lakini mbali na selotepu, kosa liko kwenye vizidishio: rudia hatua ya 4 na 5. Zikitawanyika ovyo, acha programu, chukua bisibisi ukague skrubu za sensa, halafu tazama lenzi.