Somo: Kuelezea na kuipa jina spishi mpya kutokana na visukuku vya majani

Wanajamvi, wengi wakiokota jani lililogeuka jiwe hukimbilia kutafuta jina, kumbe jina huja mwisho kabisa. Mfano wangu ni Mahenge, Singida. Matope ya ziwa la kale lililokuwa ndani ya kreta yalitunza majani kwa takriban miaka milioni 46, na mwaka 2000 wataalamu wa visukuku vya mimea Patrick Herendeen na Bonnie Jacobs wakatangaza kutoka humo Aphanocalyx singidaensis, mmea wa jamii ya mikunde.

1. Pata kibali kabla ya kuchimba. Andika tabaka ulikotoa kila jiwe. Likipasuka vipande viwili, vitunze vyote kwa namba moja.

2. Panga majani kwa makundi yanayofanana, bila majina.

3. Soma mishipa. Hapa usiwe na haraka. Umbo na ukubwa hudanganya, maana mti mmoja huwa na majani madogo ya juani na mapana ya kivulini. Mulika jiwe kwa taa ya pembeni, ulalo, mpaka mishipa isimame. Anzia mshipa mkuu, kisha pima pembe ya mishipa ya upande inapochomoza: je, inafika ukingoni, au inajikunja na kushikana na ya juu yake? Kwa hadubini tazama vyumba vidogo kabisa kati ya mishipa. Kwa mikunde, kagua pia kikonyo: sehemu iliyovimba yenye mikunjo ya kukingama ni ushahidi mzuri sana.

4. Linganisha na ndugu walio hai na visukuku vilivyokwisha kuelezwa. Nenda hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa), kwa mfano ya Makumbusho ya Taifa Nairobi. Usipoonyesha tofauti inayojirudia jani baada ya jani, huna spishi mpya.

5. Teua holotaipi, kielelezo kimoja kitakachobeba jina, kikae makumbusho na namba yake. Piga picha, kwani tangu 1912 jina la kisukuku cha mmea bila picha au mchoro si halali. Kisha chapisha kwenye jarida. Tangazo la Facebook halihesabiki.

MASWALI

Naweza kuandika kwa Kiswahili?
Makala, ndiyo. Ila maelezo au utambulisho wa spishi lazima uwe kwa Kilatini au Kiingereza.

Nataka kumuenzi bibi yangu kwa jina.
Inaruhusiwa. Jina la mwanamke kwa kawaida huishia -ae, la mwanamume -i. La mahali hupewa -ensis, ndiyo maana ya singidaensis.

Nimepata tunda jiwe lilelile, niliunganishe na jani?
Kama havijashikana, hapana. Kulala pamoja matopeni si ushahidi kwamba vilitoka mti mmoja. Kila kiungo kinaweza kupewa jina lake, na likipatikana tawi lenye vyote viwili, majina yanaweza kuunganishwa.