Nyasi bandia juu ya kinamo: yape maji njia kabla ya kutandika

Kazi yangu ya kwanza ya nyasi bandia hapa Chake Chake ilikuwa uwa wa mita 6 kwa 8, udongo kinamo mtupu. Nilichimba sentimita 15, nikajaza mchanga, nikatandika. Kiangazi kizima mwenye nyumba alifurahi. Masika yalipoanza akanipigia simu: "Fundi, njoo utazame, majani yako yanaelea." Nilipokanyaga, maji yalinifika vifundoni. Nilipofunua ukingo, mchanga ulikuwa uji, unanuka kama matope ya mikoko. Zulia lenyewe la nyasi halikuwa na kosa, matundu yake yalipitisha maji vizuri. Kosa lilikuwa langu: nilimchimbia bakuli, na maji yakishuka humo hayana pa kutokea. Niliiondoa kazi yote kwa gharama yangu, na tangu hapo nafuata mpango huu.

1. Ujue udongo wako

Chukua konzi ya udongo, uloweshe, uuviringe uwe mwembamba kama penseli, kisha uukunje pete. Ukikubali bila kupasuka, ni kinamo, ndugu yake ule wa mabonde ya mpunga. Kwa uhakika zaidi, chimba shimo la kina cha sentimita 45, lijaze maji, liache linywe, kisha lijaze tena na upime baada ya saa moja. Kinamo kizito kwa kawaida hunyonya milimita 1 hadi 5 tu kwa saa, na mvua ya masika huweza kuleta mara kumi ya hizo. Kwa hiyo shimo la kunyonya, ambalo kwenye kichanga lingetosha, hapa litajaa na kubaki limejaa. Maji lazima yatokee ubavuni.

2. Tafuta pa kuyatoa

Usishike sururu kabla hujajua maji yataishia wapi. Mtaro wa barabara ni mzuri ukiwa chini ya uwa wako na ukiruhusiwa kuutumia. Migomba au magimbi yaliyo chini ya kiwanja chako ni bora zaidi, maana magimbi yanapenda maji. Kwa jirani, hapana. Kwenye karo la maji machafu pia hapana: litajaa na kurudisha uchafu nyumbani. Kiwanja kikiwa tambarare kabisa, usichimbe. Inua uwa kwa udongo ulioshindiliwa ili upate mteremko.

Na utazame paa. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50 humwaga lita 5,000. Maji hayo yatolewe kwa gata na bomba lake peke yake, yasipite chini ya nyasi hata kidogo. Nyumba nyingi ninazoitwa kutengeneza zina kasoro hii, na mwenye nyumba analaumu zulia.

3. Teremsha udongo wenyewe

Fanya kazi Januari na Februari, au mvua za masika zikishakatika. Kinamo kibichi ukikikanyagakanyaga kinajifunga kama sahani ya udongo, na kitafunga hata zile nyufa chache kilizokuwa nazo.

Pigilia vigingi pembeni, funga uzi, na upime usawa kwa mpira mwembamba uliojazwa maji. Nataka sentimita 1.5 kwa kila mita, kutoka ukuta wa nyumba kwenda nje. Uwa wa mita 8 unashuka sentimita 12. Mteremko huu uwe kwenye udongo, chini kabisa. Mafundi wengi huusawazisha udongo kama meza kisha wakatengeneza mteremko kwa kokoto juu. Kwa macho kazi inapendeza, lakini maji hukaa chini kwenye udongo, na huko ni tambarare.

4. Mtaro wa bomba

Upande wa chini chimba mtaro wa upana wa sentimita 30 na kina cha 45, ukishuka sentimita 1 kwa mita. Tandika kitambaa cha kuchujia (wauzaji hukiita jiotekstaili), acha pembe ndefu za kukunjia. Weka kokoto sentimita 5, kisha bomba la inchi 4 lenye matundu, matundu yakitazama chini. Watu hushangaa, wanadhani maji huingia kwa juu. Maji hupanda kutoka chini ya mtaro, yakifika kwenye matundu yanaondoka. Jaza kokoto, kunja kitambaa.

Uwa ukizidi mita 5, ongeza mitaro midogo kila mita 3, ikikutana na mkubwa kwa mshazari kama miiba ya samaki. Ncha ya juu ya bomba ipandishwe hadi usawa wa nyasi na kufunikwa, ili siku moja uweze kupitisha mpira wa maji na kulisafisha. Ncha ya kutokea ifungwe wavu, la sivyo panya wataigeuza nyumba.

5. Tabaka

Kitambaa juu ya udongo wote, kokoto za robo tatu ya inchi, unene wa sentimita 10, shindilia, kisha kokoto ndogo sentimita 3 za kusawazisha. Usitumie kifusi cha mawe ya matumbawe chenye vumbi: chokaa yake ikipata maji na kushindiliwa hushikana ikawa kama sakafu. Karatasi ya plastiki pia isiwekwe popote.

6. Jaribu, ndipo utandike

Mwaga ndoo kumi za lita 20 kwenye pembe ya juu, mtu mmoja asimame kwenye ncha ya bomba. Maji yatoke baada ya muda mfupi, na pasibaki dimbwi. Likibaki, fukua palipozama sasa hivi, maana zulia likishabandikwa kwa gundi itakuwa kazi mara mbili.

Kutandika ni rahisi ukifika hapa. Hakikisha zulia lina matundu, manyoya yote yalale upande mmoja, na misumari iwe iliyopakwa zinki kwa sababu ya hewa ya chumvi.

Kila Februari, kabla ya masika, ng'oa wavu wa ncha ya bomba, toa majani ya mwembe, na umwage ndoo mbili kupitia ncha ya juu.