Kadi za sigara zenye picha za mbwa: kuzinunua na kuzitunza Nyanda za Juu Kusini

Kadi za sigara ni kadi ndogo za picha zilizokuwa zikiwekwa ndani ya pakiti za sigara. Anza na seti moja tu. Seti ya "Dogs" ya John Player & Sons, kampuni ya sigara ya Uingereza, ya mwaka 1931, iliyochorwa na Arthur Wardle, ina kadi 50 na bado inapatikana kwa wauzaji wa Uingereza. Nyuma ya kila kadi kuna namba na maelezo ya mbwa, kwa hiyo weka daftari la namba ulizonazo usije ukaagiza mara mbili.

Kabla ya kulipa, omba picha ya mbele na nyuma. Tazama pembe nne kwanza. Mkunjo wa pembe hautoki. Kadi ikifika, ipime kwa rula: ikiwa fupi kuliko wenzake, imekatwa kingo kuficha uchakavu.

Huku kwetu adui mkubwa ni unyevu, hasa Tukuyu na Rungwe, ambako mvua haina haraka ya kuondoka. Baadhi ya kadi za mwishoni mwa miaka ya 1930 zina gundi mgongoni. Zikilundikwa, hugandana, na ukizibandua karatasi inachanika. Kila moja ikae kwenye mfuko wake wa plastiki ya polipropilini. Epuka mifuko ya plastiki ya PVC, maana hunata na kuharibu wino. Zipange wima ndani ya bati lenye kifuniko, pamoja na pakiti ya silika jeli (chembe za kufyonza unyevu), mbali na ukuta wa nje na moshi wa jiko la mkaa.

Iliyopata ukungu itenge mara moja. Usiianike juani, itapauka. Iache kivulini penye hewa hadi ikauke, kisha ipanguse kwa brashi laini.