Kupima pointi na taimingi ya Volkswagen Beetle kwa vifaa vya zamani

Kwenye kisanduku changu cha bati nina fila geji (vibati vya kupimia nafasi nyembamba), mita ya dweli ya mshale, balbu yenye nyaya mbili na taa ya taimingi ya neoni. Beetle ya pointi (vibamba viwili ndani ya distributa vinavyounga na kukata umeme wa koili ili plagi itoe cheche) na kondensa haihitaji zaidi ya hivyo. Wengi hukosea mpangilio tu: wanaweka taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, kisha wanarudi kwenye pointi. Ukigusa pointi, taimingi imeshahama. Kwa hiyo tuanze na pointi.

1. Injini ikiwa imepoa, toa kifuniko cha distributa na rota. Zungusha injini kwa spana kwenye nati ya puli mpaka nundu ya shafti ifungue pointi hadi mwisho. Nafasi iwe milimita 0.4. Pointi zilizoota kipele upande mmoja na kishimo upande wa pili huidanganya fila geji, maana inapima kutoka kwenye ncha ya kipele.

2. Hapo ndipo ninapoipenda mita ya dweli. Inapima ni digrii ngapi za mzunguko wa distributa pointi hukaa zimefungana. Waya mmoja unganisha namba 1 ya koili, mwingine kwenye chuma kitupu cha injini. Rudisha rota na kifuniko, washa, injini iwe silensa (inguruma bila kukanyaga mafuta). Unatafuta digrii 44 hadi 50. Ikizidi, ongeza nafasi ya pointi, ikipungua, ibane. Mita nyingi kuukuu zina skeli ya silinda 8 tu: soma hiyo, zidisha kwa 2.

Ukikanyaga mafuta na mshale ukacheza ovyo, bushi za distributa zimelika. Niliwahi kuhangaika wiki nzima na gari lililokuwa linamisi (silinda nyingine haziwaki), nikabadilisha plagi, nyaya, hata koili. Kumbe shafti ilikuwa inayumba.

3. Zima injini. Lenganisha alama ya puli na mwanya wa nusu mbili za injini, rota ikielekea silinda namba 1. Beetle nyingi za volti 12 huwekwa digrii 7.5 kabla ya pistoni kufika juu, lakini si zote, hivyo hakikisha namba ya injini yako. Unganisha balbu kati ya namba 1 ya koili na bodi, washa swichi. Legeza distributa, izungushe kufuata mshale wa saa mpaka balbu izime, kisha irudishe polepole. Inapowaka tu, simama. Swichi usiiache imewashwa muda mrefu, koili itachemka.

4. Taa ya neoni hukaa kati ya plagi namba 1 na waya wake. Mwanga wake ni hafifu, fanya kazi jioni au gereji yenye kivuli. Pima mzingo wa puli, gawa kwa 360, zidisha kwa 32, yaani digrii za mwisho ambazo cheche inaruhusiwa kutangulia. Weka alama ya chaki umbali huo kulia kwa alama ya pistoni juu kabisa. Chomoa mpira wa vakyumu, uzibe, panda hadi mizunguko 3,500 kwa dakika. Chaki isivuke mwanya.

Chini ya taa hiyo puli huonekana imesimama kabisa. Haijasimama. Mikono, mikono ya shati na nyaya za taa vikae mbali na mkanda.

5. Kaza distributa, kisha mulika tena, kwa sababu mara nyingi husogea inapokazwa.