Ukiambiwa taifodi, toa damu ya kalcha kabla ya kidonge cha kwanza

Jamani mlio hapa Kampala, hili nimelijua wiki hii nikiwa kliniki na mtoto wa dada yangu. Ukiambiwa ni taifodi, kabla hujameza antibayotiki yoyote uliza kama wanaweza kuotesha damu, ile kalcha, maana Widal, kile kipimo cha haraka cha damu cha taifodi, inaangalia kinga ya mwili tu na inaweza kutoka pozitivu kwa ugonjwa wa zamani, lakini kalcha inaotesha bakteria wenyewe halafu wanawajaribu na dawa tofauti waone ipi inawaua. Na kwetu hilo si dogo, kwenye mlipuko wa taifodi wa 2008–2009 kule Kasese, magharibi mwa Uganda, bakteria wengi waliopimwa walikuwa sugu kwa antibayotiki za ampisilini, kloramfenikoli na Septrin, zote tatu kwa pamoja! Ila kalcha nayo inakosa: ukishameza hata antibayotiki ya sipro (siprofloksasini) ya dukani ya siku mbili, au damu ikichukuliwa kidogo, inaweza isiote kitu na taifodi bado ipo. Majibu huchukua siku kadhaa, kwa hiyo mgonjwa akiwa hoi au tumbo limekuwa gumu linauma sana, mkimbizeni hospitali kubwa, damu itolewe na dawa zianze hapohapo, msisubiri majibu.